Mke Mwenza wa Mama

Godoro halikuwa limegeuzwa.

Mama alisimama mlangoni, mfuko wa kazini bado uko begani, akalitazama kama mtu aliyekuta mlango wake umevunjwa. Shuka lilikuwa limesukumwa upande mmoja, mto umeanguka sakafuni, na katikati ya godoro kulikuwa na bonde la mtu aliyelala vibaya. Akaweka kiganja juu ya lile bonde.

"Bado lina joto," alisema. Akakipeleka kiganja puani. "Na limelowa jasho. Jamani! Mke mwenza wangu ana nini leo?"

Kama hujawahi kulala kitanda cha zamu, utaona mama alikuwa anakuza jambo. Godoro halikugeuzwa, ndiyo nini? Basi tulia nikueleze, kwa maana mambo yote ya maisha yangu ninayoyaheshimu yalianzia kwenye godoro lile.

Tulikuwa tunakaa ghorofa ya tatu ya nyumba moja ndefu, kuukuu, yenye ngazi zilizolika katikati. Nyumba nzima ilikuwa ya wageni. Tulitoka huku na huko, kila mmoja na kwao, kila mmoja na sababu zake ambazo hakuulizwa, maana mwenye sababu kama zako hana haja ya kukuuliza. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mwenye akili ya biashara mpaka kwenye kucha. Alikuwa akisema kitanda kikikaa kitupu mchana kutwa ni hasara, sawa na duka lililofungwa siku ya soko. Kwa hiyo kitanda chetu alikipangisha mara mbili: usiku kwa mama yangu, mchana kwa mwanamke mwingine. Mimi sikuwamo kwenye mapatano. Nilikuwa na kigodoro changu kinachosukumwa chini ya kitanda, na nadhani mwenye nyumba alinihesabu pamoja na masufuria ya mama.

Mama alifanya kazi kwa dobi mkubwa aliyefua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Aliondoka kabla jua halijatoka, akarudi jua likiwa linazama. Yule mwenzake alifanya kazi ya usiku kiwanda cha mikate. Akirudi asubuhi, sisi tumeshaondoka. Mama akirudi jioni, yeye ameshakwenda. Wanawake wawili, kitanda kimoja, na kwa muda mrefu walichojuana ni harufu tu. Mama alinukia sabuni ya dawa. Mwenzake alinukia hamira.

"Mimi nina mke mwenza," mama aliwaambia majirani pale ngazini, amejishika kiuno. "Mume wetu ana miguu minne, hasemi, haulizi chakula kiko wapi, na hajarudi nyumbani amelewa hata siku moja. Haya, nionyesheni mume mwingine wa hivyo mji huu!"

Wanawake walicheka mpaka wakashika ukuta.

Sasa, kugeuza godoro. Hakuna aliyewafundisha. Wiki ya kwanza kabisa mama alirudi kazini, amechoka hoi, akajitupa kitandani, akakuta godoro ni baridi. Akainuka, akalichungulia. Mwenzake alikuwa ameligeuza kabla ya kuondoka, upande wa chini ukaja juu, ili anayekuja asilalie joto la mwingine. Mama alilipapasa, kisha akasema, "Huyu amelelewa." Kesho yake alfajiri naye akaligeuza. Kuanzia hapo ikawa sheria. Kumlaza mwenzako kwenye joto lako, mama alisema, ni kama kumpa maji ya kunywa uliyokwisha nawia.

Lakini msije mkadhani walikuwa malaika. Ugomvi ulikuwepo, na mjumbe nilikuwa mimi, kwa sababu nilirudi shuleni mchana, nikamkuta mmoja, na jioni nikampokea mwingine.

"Mwambie mke mwenza wangu," mama angeniagiza, "kitanda si meza. Nimelala na makombo ya mkate mpaka mgongo umekuwa kama wa kuku."

Nami ningefikisha, kwa heshima kidogo zaidi. Yule mwanamke angefungua jicho moja na kujibu, "Mwambie mwenzangu makombo anayaona, lakini nywele zake anazoziacha kwenye mto hazioni. Nikizikusanya zinatosha wigi." Kisha angegeukia ukutani na kulala tena. Jioni mama angesikia jibu hilo na kucheka peke yake huku akivua viatu. Mimi nilimwita yule mwanamke Mama Mdogo. Sikumbuki nani aliniambia nimwite hivyo. Lilikuja tu.

Ukutani, karibu na kichwa cha kitanda, Mama Mdogo alikuwa amebandika picha ya binti yake. Mtoto wa miaka sita hivi, pengo mbele, amevaa gauni kubwa kuliko yeye. Alikuwa amemwacha kwao, kwa bibi yake. Kila usiku kabla ya kulala mama aliiaga ile picha: "Lala salama, mwana wa mwenzangu." Nilikuwa nikiona ni mzaha wake mwingine.

Na sheria ya mji ule kuhusu watoto ilikuwa hivi, nayo kila mgeni aliijua kuliko jina la mtaa wake: ukitaka kumleta mwanao, lazima ufanye kazi mwaka mzima mahali pamoja bila kukatika. Ukikatika, hata kama umebakiza siku za kuhesabu kwa vidole, unaanza upya. Na kiwanda cha mikate kilikuwa hivi: kila jioni watu walijazana langoni wakisubiri. Kengele ikilia na aproni yako haina mtu ndani yake, anaitwa mmoja wa pale langoni, anapewa nafasi yako, na yako imekwisha. Mama Mdogo alikuwa amebakiza kama majuma mawili atimize mwaka.

Ndiyo maana mama aliponusa lile jasho hakukaa hata kuvua kandambili. "Twende," aliniambia, naye alikuwa ameshafika ngazini.

*

Tulimkuta nusu ya njia ya kiwandani, kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, amekaa na mkoba wake mapajani kama mtu anayengoja zamu kwa daktari. Alikuwa anatetemeka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha jikoni kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimebadilika rangi.

"Napumzika kidogo tu," alisema alipotuona. "Nitafika."

Mama akachuchumaa mbele yake. Walikuwa wameonana uso kwa uso mara chache sana, tena kwa kupishana, na sasa wakatazamana kwa muda mrefu. Mama akafungua kitambaa pembeni, akakifunga haraka. Nami niliona. Ngozi ilikuwa imevimba na kuiva.

"Imekuwa lini hii?"

"Juzi. Trei ya tanuri." Akameza mate. "Ukienda kuomba dawa wanakurudisha nyumbani. Nikafunga, nikaendelea."

"Na leo ungeendelea vipi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Mdogo bila sauti, na hakuyafuta, labda kwa sababu kuinua mkono ilikuwa kazi. "Majuma mawili tu, dada," alisema. "Majuma mawili. Mtoto ameshaambiwa. Anawaambia wenzake kila siku kuwa anaondoka."

Mama akanyoosha mkono. "Nipe aproni."

"Wewe umetoka kazini sasa hivi."

"Nipe aproni, mke mwenza."

"Watakujua."

"Watajua nini? Si mnafunikwa mpaka pua? Yanabaki macho tu. Macho yangu na yako yana tofauti gani? Yote yana usingizi."

Mama Mdogo aliukumbatia mkoba. Alisema si haki, alisema haiwezekani, alisema Mungu atafungua njia nyingine. Mama akamwacha amalize. Kisha akazungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini, isiyo na mzaha ndani yake.

"Nisikilize. Mimi mwaka wangu wa kwanza ulikatika. Homa ya wiki moja. Nilikuwa nimebakiza mwezi, nikaamka nikakuta nafasi yangu ina mtu. Nikaanza upya. Huyu hapa," akaninyooshea kidevu, "akakaa kwa bibi yake mwaka mwingine. Aliposhuka kwenye basi nilimkimbilia, akarudi nyuma, akasema, 'Shikamoo, shangazi.'"

Nilikuwa nimesimama pembeni yao. Nilikumbuka. Nilikumbuka yule mwanamke aliyenijia amefungua mikono, na jinsi nilivyotafuta nyuma yake kama mama yangu yupo. Nilichokuwa sijui ni sababu. Bibi alikuwa akiniambia "mwaka huu, mwaka huu," kisha akaacha kusema, na mimi nikajiambia kwamba huko aliko mama kuna raha kuliko mimi.

"Mimi hakuna aliyenishikia," mama alisema. "Lete hiyo aproni."

Mama Mdogo akafungua mkoba. Mama akaitoa aproni, na kofia, na kile kitambaa cha kufunika mdomo, akavikunja kwapani. Akasimama, akanyoosha mgongo, ukalia. Na hapo mzaha ukamrudia.

"Haya nenda nyumbani ukalale. Leo mume ni wako mpaka asubuhi."

Akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea kiwandani, na mimi nikamsaidia Mama Mdogo kurudi. Tulikwenda polepole, ameegemea bega langu. Njiani alisema, "Mama yako ana kichaa." Alikuwa anatabasamu huku analia.

*

Ghorofa ya pili alikaa Mwalimu. Kwao alifundisha hesabu. Hapa alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na alikuwa akisema ni kazi ile ile, unawasogeza watu kutoka hapa mpaka pale na wengine hawataki. Yeye ndiye aliyempeleka Mama Mdogo kutibiwa jioni ile ile. Walirudi mkono umefungwa vizuri, na maagizo yasiyotekelezeka: asiguse moto, asibebe kitu, mpaka ngozi izibe. "Wiki tatu," Mwalimu alisema, akitazama chini.

Mama alirudi asubuhi ana unga mpaka kwenye kope. Alikunywa chai amesimama, akabadili nguo, akaenda kwa dobi amechelewa. Jioni akaenda kiwandani tena. Siku ya tatu mchana alisinzia kwenye mashine ya kunyooshea mashuka, ile yenye magogo ya chuma ya moto yanayozunguka, na mfanyakazi mwenzake akamvuta mkono ulipokuwa umebakiza kidogo sana kuingia. Mwenzake huyo ndiye aliyemleta nyumbani, akatukabidhi kama kifurushi. "Mfungieni mlango huyu," alisema. "Atakufa na shuka mkononi."

Mama Mdogo aliinuka kitandani, akaanza kutafuta viatu. "Imetosha," alisema. "Kama ni mwaka kukatika, ukatike."

Hapo ndipo Fundi alipopanda ngazi. Fundi alikaa chini, karibu na mlango wa nje, mwashi wa matofali, kifua kama kabati, ndevu mpaka hapa. Sauti zetu zilikuwa zimemfikia. Alituita wote kwenye lile jiko tulilopika kwa zamu: sisi, Mwalimu, na dada msusi wa chumba cha pembeni, aliyesuka watu kuanzia asubuhi mpaka vidole vinakataa kufunga.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Fundi. "Aproni iko moja, sisi tuko wengi. Kila mtu usiku wake."

"Wewe?" Mama aliuliza. "Na hizo ndevu?"

"Zinafunikwa."

Msusi alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono. "Mimi nina swali," alisema. "Nikikosa usingizi, kesho nasuka vichwa vya watu mistari inaenda kushoto. Wateja wananikimbia. Siku nikikwama mimi, nani atanishikia?"

Watu wakatazama sufuria. Lilikuwa swali la haki, na kila mmoja wetu pale ndani alishawahi kujiuliza katika mji ule.

"Sisi hawa hawa," Fundi akamjibu. "Unaona wengine?"

Msusi alitazama jiko zima, mmoja mmoja, kama anayechagua nyanya. Akashusha mikono. "Basi mniwekee kesho. Keshokutwa nina bi harusi."

Mwalimu akapanga zamu kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona alivyokuwa darasani: alisimama wima, akaelekeza kwa mwiko.

Ilikwenda vizuri mpaka zamu ya Fundi. Aproni ya Mama Mdogo ilimfika mapajani, na kamba za nyuma zilikataa kukutana. Asubuhi alirudi hana raha. Msimamizi, alisema, alipita kwenye meza ya kukandia, akasimama mbele yake, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Akasema nini?" tuliuliza kwa pamoja.

"Akasema, 'Mama, umenenepa sana wiki hii.'"

"Nawe?"

"Nikabana sauti. Nikasema, 'Ni mikate, bosi.'"

Tulicheka mpaka msusi akakaa sakafuni. Lakini kicheko kilipoisha kila mtu aliona kilichobaki. Msimamizi amejua. Jioni hiyo anaweza kumwita mtu wa langoni, na mwaka wa Mama Mdogo ukafa ukiwa umebakiza wiki moja. Zamu ilikuwa ya mama. Mwalimu alisema aende yeye. Msusi akasema asiende mtu, iachwe. Mama alifunga kitambaa chake kichwani, akasema kama ni kufukuzwa, bora afukuzwe mwenye mdomo.

Sikulala vizuri. Mama Mdogo naye hakulala. Alikuwa juu, mimi chini, na nilimsikia akiongea na ile picha.

Mama alirudi asubuhi, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavua kofia taratibu. Tulimzunguka. Nadhani alijua tunavyoteseka na akaamua tuteseke kidogo.

"Amekuja," alisema mwishowe. "Amesimama pembeni yangu. Anatazama unga, mimi natazama unga. Halafu akasema, polepole, 'Mwambieni mwenye aproni apone haraka.'" Mama akafuta uso. "'Na yule mwenye ndevu asirudi. Anaponda mikate.'"

Baadaye tulisikia kwamba Msimamizi naye aliwahi kusubiri kwenye lango lile lile. Sijui kama ni kweli. Napenda kuamini.

*

Ilikuwa katika wiki hiyo hiyo ya mwisho, siku ya mapumziko, mchana, alipokuja dada mmoja wa maswali, akatukuta wote jikoni. Mji ulikuwa umeamua kuwajua wageni wake. Alivaa viatu visivyofaa ngazi zetu, alikuwa mchanga, mpole, na aliuliza kila mtu mambo yale yale: una miaka mingapi, umesoma mpaka wapi, unafanya kazi gani. Watu walijibu kwa kujivuta, maana mgeni na maswali ni kama paka na maji. Mwalimu alipotaja alichosomea, kisha akataja kazi yake, yule dada aliinua macho, akayashusha upesi.

Akafika kwa Mama Mdogo, aliyekaa karibu na dirisha, mkono wenye bandeji juu ya paja.

"Na wewe, mama, unafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha mikate."

"Sasa hivi unakwenda kazini?"

Mama Mdogo hakuwa mtu wa kusema uongo, na sote tulijua. Akauvuta mkono karibu na tumbo.

"Na mkono huo, mama?" yule dada aliuliza, tena kwa huruma kabisa, bila kujua alichoshika.

"Mkono wake ni huu hapa," alisema Fundi, akainua wa kwake, mkubwa, umepasuka kwa saruji.

Yule dada akageuka kumtazama.

"Na huu," alisema msusi, akainua wake.

Mwalimu akakohoa, kama aliyeombwa jibu ubaoni. "Na huu."

Mama alikuwa anasinzia kwenye ile ndoo yake, kichwa kimeegemea ukuta. Bila kufungua macho akainua mkono, ukakaa juu peke yake, mwekundu kwa maji ya moto na sabuni, vidole vimekunjamana. Nami nikainua wangu, ingawa sikuwa nimekanda hata andazi. Nilishindwa kukaa nao chini.

Yule dada alitazama mikono yetu. Alikuwa mgeni wa mambo yetu, lakini hakuwa mjinga.

"Sawa," alisema. "Naandika ana kazi."

Alikuwa amebakiza swali. Alichungulia chumbani kwetu, akaona kitanda kimoja. "Hapa mnalala wangapi?"

"Mmoja," mama alijibu, macho bado yamefumba.

"Mmoja?"

"Mmoja mmoja, dada yangu."

Msusi akaangua kicheko, na mwisho yule dada naye akacheka, akavua vile viatu, akakubali chai. Mimi leo nafanya kazi kama yake. Napanda ngazi za watu, nauliza maswali. Wenzangu ofisini wakizungumza habari za wageni wanasema wengi wana umri wa nguvu, wengi wamesoma kuliko kazi wanazozifanya, wengi wamejibana chumba kimoja. Ni kweli yote, nami ndiye ninayewaletea. Lakini nikiingia chumbani kwa mtu, kitu cha kwanza ninachotazama ni godoro.

*

Mwaka wa Mama Mdogo ulitimia. Mtoto alifika asubuhi moja ya baridi, na nyumba karibu nzima ilikwenda kituoni kumpokea, Fundi amechana ndevu. Mlango wa basi ulifunguka, watu wakashuka, na mwishoni akashuka yeye, pengo limeshajaa, gauni lile lile sasa linamtosha. Alisimama kwenye ngazi ya basi akatutazama sote. Nilimtazama Mama Mdogo. Hakukimbia. Alikuwa amesimama pale pale, anaogopa.

"Mama!" yule mtoto alisema, akaruka.

Walikumbatiana pale chini katikati ya mizigo ya watu. Mama yangu aligeuka akatazama ukuta wa kituo, ambao haukuwa na kitu cha kutazamwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilikwenda nikamshika mkono. Nikamwita.

"Mama."

"Abee," aliitika, kama mimi ndiye mkubwa. Akaubana mkono wangu mpaka ukauma.

Haukupita muda, Mama Mdogo akapata chumba mtaa wa pili, chake na binti yake. Mama akapata kitanda kizima, mchana na usiku, na kwa wiki nzima alilalamika kwamba mume amekuwa mkubwa mno kwa mke mmoja. Akaendelea kuligeuza godoro kila alfajiri. Tulipohama akaligeuza huko tulikohamia. Nilipoanza kazi nikamnunulia kitanda kipana na godoro zito, akaligeuza na hilo, na nguvu zilipomwishia akaniita nishike upande wa pili.

"Mama, anakuja nani kulala hapa?" nilimuuliza siku moja, nina haraka.

"Huwezi kujua," alisema. "Shika vizuri."

Alituacha mwaka jana, usingizini, mahali alipopapenda. Baada ya maziko nyumba ilijaa watu. Fundi alikuja, mvi tupu. Msusi alikuja na mabinti zake. Mimi nilipokea pole, nikahudumia chai, nikafanya kila kitu isipokuwa kuingia chumbani kwa mama. Nililala sebuleni kwenye kiti, siku ya kwanza na ya pili. Kile kitanda kilikuwa vile vile alivyokiacha, na nilijua nikiweka kiganja nitatafuta joto, na nilijua sitalikuta.

Siku ya tatu alasiri, watu walipokuwa wamepungua, Mama Mdogo aliinuka kwenye mkeka. Anatembelea fimbo siku hizi. Alipita mbele yangu, akaingia chumbani, binti yake akamfuata. Nikasikia fimbo ikiegemezwa ukutani. Nikasikia kuguna, kama mtu anayenyanyua mzigo, kisha kishindo laini, kisha shuka likikung'utwa.

Alitoka anahema, amejifunga khanga upya. Ule mkono wenye kovu akaniwekea shavuni.

"Kalale, mwanangu," alisema. "Ni zamu yako."

Niliingia, nikafunga mlango, nikalala. Godoro lilikuwa baridi, kama inavyotakiwa.